Anza na chumvi: kuunda aloi ya mapanga ya turbini kwa injini za visiwani

Maelekezo mengi ya supaaloi za nikeli (michanganyiko ya metali ya kustahimili joto kali) huanza na joto: panga, yaani bapa la turbini linalosukumwa na gesi ya moto, litastahimili nyuzi ngapi, kwa saa ngapi, chini ya mkazo gani. Kwa injini inayofanya kazi bara, mbali na pwani, hilo linatosha kwa sehemu kubwa. Lakini kwa injini inayopaa Kisauni, Unguja, asubuhi, ikashuka Chake Chake, ikageuza, na safari nzima ikawa juu ya bahari, njia hiyo itakupa aloi nzuri kwenye karatasi na panga lililolika kwenye injini. Ndiyo maana utaratibu hapa umegeuzwa. Chumvi inatangulia, joto linafuata.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha chuo au karakana chenye tanuri la umeme, mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya miligramu, hadubini na kompyuta. Kuyeyusha vipande vidogo kunawezekana kwa tanuri dogo la cheche za umeme. Kusubu mapanga kamili kunataka tanuri la ombwe (lisilo na hewa ndani), na hapo ni bora kuagiza kwa mwenye nalo kuliko kubahatisha. Kazi ya kuamua aloi ipi ifae, ambayo ndiyo ngumu, unaweza kuifanya hapa hapa.

Chumvi inafanya nini ndani ya injini

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Upepo huinua matone madogo, maji hukauka, chembe hubaki hewani na kuvutwa na injini. Kwenye moto, kloridi ya sodiamu hukutana na salfa iliyomo kwenye mafuta (vipimo vya Jet A-1 vinaruhusu salfa hadi asilimia 0.3) na kuzaa salfeti ya sodiamu. Salfeti hiyo huyeyuka kwa nyuzi 884 za Selsiasi. Ikitua juu ya panga ikiwa majimaji, huuyeyusha utando wa oksidi unaoilinda metali, kisha salfa hupenya ndani na kuifunga kromi katika salfidi. Kromi ikishafungwa hakuna tena cha kutengeneza utando mpya. Kuanzia hapo panga huliwa upesi.

Ulikaji huu una sura mbili, na usipozitenganisha utafanya jaribio la moja huku mapanga yako yanakufa kwa nyingine. Ya kwanza hutokea baina ya nyuzi 800 na 950: uso huvimba, hupasuka kwa magamba, na chini ya magamba hadubini huonesha madoa ya salfidi yaliyotangulia mbele ya oksidi. Ya pili hutokea karibu na nyuzi 700, chini kabisa ya kiwango cha kuyeyuka salfeti ya sodiamu. Mtu hushangaa chumvi ngumu inawezaje kula metali. Jibu ni kwamba oksidi ya kobalti au ya nikeli hugeuka salfeti palipo na gesi ya salfa, na salfeti ya kobalti ikichanganyika na ya sodiamu kiwango cha kuyeyuka hushuka hadi nyuzi 565. Alama yake ni mashimo madogo yaliyochimbika, na salfidi chini yake ni chache au hazipo. Hupenda shingo ya panga na sehemu iliyo chini ya jukwaa lake, ambako hakuna moto mkali na watu hawaangalii.

Andika mahitaji kabla ya kugusa mizani

Kwanza tafuta mkazo. Kwa panga lisilopungua unene kutoka shina hadi ncha, mkazo kwenye shina ni uzani wa ujazo, mara mraba wa kasi ya mzunguko, mara nusu ya tofauti ya miraba ya nusu-vipenyo viwili. Chukua mfano wa kufikirika: mzunguko 37,500 kwa dakika, shina likiwa milimita 90 kutoka katikati na ncha milimita 110. Kasi hiyo ni radiani 3,927 kwa sekunde. Kwa aloi ya gramu 8.1 kwa sentimita ya ujazo unapata megapaskali 250. Kwa aloi ya gramu 8.7 unapata 268. Tofauti hiyo imetokana na uzito wa metali peke yake, na diski inayoshika mapanga nayo hubeba nyongeza hiyo. Panga halisi hukonda kuelekea ncha, kwa hiyo mkazo wake ni mdogo kuliko huu, lakini hesabu hii inatosha kuchuja mawazo mabaya.

Pili, andika joto la metali yenyewe. Joto la gesi ni jambo jingine. Katika injini ndogo ambazo mapanga yake hayana njia za hewa ya kupoza ndani, viwango hivyo viwili hukaribiana kuliko kwenye injini kubwa. Tatu, andika safari ilivyo. Safari fupi za visiwani zina kuwasha na kuzima kwingi, na kila kuzima ni utando wa oksidi kusinyaa tofauti na metali iliyo chini yake. Panga linalopaa mara nane kwa siku halina maisha sawa na la ndege inayokaa angani saa nane mfululizo, hata kama jumla ya saa ni ileile.

Kuchagua mchanganyiko

Nguvu ya aloi hizi inatokana na chembe ndogo za gamma-praimu, yaani nikeli tatu kwa alumini moja zikiwa zimejipanga kwa utaratibu, zilizotawanyika ndani ya gamma, yaani metali ya nikeli inayozizunguka. Ajabu yake ni kwamba gamma-praimu huzidi kuwa na nguvu joto linapopanda hadi karibu nyuzi 700 au 800, wakati metali nyingi huwa zimeshalegea. Alumini, titani, tantali na niobi huijenga. Wolframi, molibdeni na reni huingia zaidi kwenye gamma na kuzuia atomi zisisogee, hivyo kupunguza kripu, yaani ule mvutiko wa polepole wa metali iliyobanwa kwenye joto kwa muda mrefu.

Na kromi? Kromi ndiyo kinga ya chumvi, lakini kila asilimia ya kromi inachukua nafasi ambayo ingekaliwa na vijenzi vya nguvu, na ikizidi huzaa visahani vigumu vinavyovunja metali. Mvutano huu ndio kazi yenyewe. Tazama aloi mbili zinazojulikana. CMSX-4, ya fuwele moja (panga zima ni chembe moja ya metali), ina kromi asilimia 6.5 na reni asilimia 3: kwa kripu ni bingwa, kwa chumvi inategemea mipako. IN-738LC ina kromi asilimia 16: kwa kripu iko nyuma, lakini iliundwa kwa turbini za nchi kavu na za pwani zinazokula mafuta na hewa chafu. Kwa visiwani anzia IN-738LC ukipanda kidogo kidogo kutafuta nguvu, usianzie CMSX-4 ukishuka kutafuta kinga. Ukianzia juu utajikuta unatetea nguvu uliyoizoea na kuipa chumvi makombo.

Mchanganyiko wa kuanzia kwa asilimia za uzito: kromi 16, kobalti 8.5, alumini 3.4, titani 3.4, wolframi 2.6, molibdeni 1.75, tantali 1.75, niobi 0.9, kaboni 0.11, zirkoni 0.05, boroni 0.01, na nikeli 61.53 inayobaki. Kutoka hapo tengeneza aloi tano au sita, kila moja ikibadili jambo moja: kromi 14 badala ya 16, molibdeni kuondolewa na tantali kuongezwa, titani kupungua na alumini kupanda, hafni 0.1 kuongezwa. Ukibadili matatu kwa pamoja na matokeo yakawa mazuri, hutajua la kushukuru ni lipi.

Mambo ya kukumbuka unapobadili:

Uwiano wa titani kwa alumini ukiwa 1 au zaidi husaidia dhidi ya chumvi. Alumini ikizidi, kinga ya hewa ya moto inaboreka lakini ya chumvi inadhoofika. Juu ya takriban nyuzi 950 hali hugeuka, kwani oksidi ya kromi huanza kupeperuka kama gesi na alumini ndiyo inayotegemewa. Molibdeni na wolframi ni wakali kwa chumvi: oksidi zake huifanya salfeti iliyoyeyuka kuwa na tabia ya asidi, na ulikaji ukishaanza hujiendesha wenyewe bila kungoja chumvi mpya. Tantali hutoa nguvu bila ubaya huo, ila ni nzito na ghali. Salfa ndani ya aloi yenyewe hulegeza utando wa oksidi hata ikiwa sehemu chache kwa milioni. Hafni na itri huishika salfa hiyo.

Kisha piga hesabu ya visahani vya sigma, vile vigumu vinavyozaliwa kromi ikizidi. Njia ya zamani ni kutafuta wastani wa nafasi tupu za elektroni katika gamma inayobaki baada ya gamma-praimu na kabidi (viambato vya kaboni) kutolewa: nikeli 0.66, kobalti 1.71, kromi, molibdeni na wolframi 4.66 kila moja. Kwa familia hii wastani ukipita 2.45 tahadhari, ukipita 2.5 rudi nyuma. Hesabu hufanywa kwa asilimia za atomi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Alumini asilimia 3.4 kwa uzito ni karibu asilimia 7.2 ya atomi. Wolframi asilimia 2.6 kwa uzito ni asilimia 0.8 tu ya atomi. Programu ya pycalphad ni ya bure na huhesabu awamu (gamma, gamma-praimu, sigma na nyinginezo) kwa kila joto, lakini jibu lake ni zuri kwa kiasi hifadhidata uliyoipa ilivyo nzuri. Ijaribu kwanza kwa IN-738LC yenyewe. Isipokupa gamma-praimu ya asilimia 40 na kitu, usiiamini kwa aloi yako mpya.

Kuyeyusha kipande cha gramu 100

Tanuri la cheche lenye kitako cha shaba kinachopozwa kwa maji linatosha. Kwa gramu 100 namba za juu ndizo gramu zenyewe: kromi gramu 16, kobalti 8.5, na kuendelea. Boroni gramu 0.01 ni kidogo mno na hupotea kirahisi, kwa hiyo tumia aloi mama, yaani mchanganyiko uliotayarishwa kabla, ya nikeli na boroni. Ikiwa ina boroni asilimia 16, pima miligramu 62.5 na upunguze nikeli iliyomo kutoka kwenye fungu la nikeli.

Wolframi huyeyuka kwa nyuzi 3,422, alumini kwa 660. Ukivitupa pamoja, alumini itaruka na punje ya wolframi itabaki nzima katikati ya kipande kama changarawe kwenye mchele, na utaiona wiki mbili baadaye chini ya hadubini baada ya kumaliza majaribio yote. Yeyusha kwanza wolframi, molibdeni, tantali na niobi pamoja na nikeli ya kiasi, geuza mara tatu, kata na uangalie. Kisha ongeza kromi, kobalti na kaboni. Alumini, titani, zirkoni na aloi mama ya boroni vije mwisho, hafni pia kama ipo.

Toa hewa, jaza argoni ya usafi wa 99.999, toa tena. Fanya hivyo mara tatu. Kabla ya kugusa aloi, yeyusha donge la titani lililowekwa pembeni kwa dakika moja ili linyonye oksijeni na naitrojeni iliyobaki. Donge likigeuka bluu au njano, chemba yako inavuja. Simama hapo, tafuta pete ya mpira iliyochoka. Kipande kigeuzwe na kuyeyushwa mara tano. Kipime mwisho: kimepungua zaidi ya gramu 0.5 ujue kromi imevukizwa na moto mkubwa mno au vipande vimeruka, na mchanganyiko si ule ulioandika kwenye daftari.

Malighafi nazo zina siri zake. Risasi, bismuthi, teluri na thali huua maisha ya kripu kwa sehemu chache tu kwa milioni. Kwa bismuthi hata nusu sehemu kwa milioni inatosha kukataa fungu. Chuma chakavu cha mapanga ya zamani kinavutia kwa bei, lakini panga lililotoka kwenye injini lina salfa na mabaki ya mipako. Liwe la mazoezi tu.

Ukifika hatua ya kusubu panga kamili

Huko ni ombwe, chungu cha alumina au magnesia, na kalibu ya nta. Nta hutengenezwa kwa sura ya panga, huchovywa kwenye uji wa seramiki na kumwagiwa mchanga wake mara saba hadi tisa, nta huyeyushwa itoke, ganda huchomwa, metali humiminwa. Aloi hii huyeyuka baina ya nyuzi 1,230 na 1,315, na kumimina hufanywa karibu nyuzi 100 au 150 juu ya hapo, ganda likiwa limepashwa moto kabla. Tabaka la ndani la ganda mara nyingi huwa na rangi ya bluu: ni aluminati ya kobalti, inayosaidia chembe za metali zianze nyingi na ndogo.

Mwenye kutaka kutengeneza maganda hapa ajue adui wake ni unyevu wa hewa. Kila tabaka linatakiwa likauke kwenye hewa ya nyuzi 22 hadi 25 yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Wakati wa masika hewa ya Unguja iko juu ya hapo usiku na mchana. Tabaka likionekana kavu kwa nje na ndani bado lina maji, ganda hupasuka nta inapotolewa. Bila chumba chenye kiyoyozi na kifaa cha kupunguza unyevu usianze. Feni haitoshi, inapuliza unyevu uleule.

Fuwele moja, inayopatikana kwa kuishusha kalibu taratibu kutoka sehemu ya moto, milimita chache kwa dakika, kupitia njia iliyosokotwa inayoruhusu chembe moja tu kupita, ni ya baadaye. Haina maana kuihangaikia kabla aloi haijavuka jaribio la chumvi.

Joto la kuipanga metali

Kipande kilichotoka kwenye tanuri kina gamma-praimu kubwa na ya ovyo. Kwa mchanganyiko wa kuanzia: nyuzi 1,120 kwa saa 2, poza hewani, kisha nyuzi 845 kwa saa 24, poza hewani. Hatua ya kwanza huyeyusha sehemu kubwa ya gamma-praimu irudi ndani ya gamma, ya pili huizalisha upya ikiwa ndogo na sawa.

Aloi yako mpya haitakubali nyuzi zilezile. Kata vipande sita vidogo, vipike kwa saa 2 kwenye nyuzi 1,100, 1,120, 1,140, 1,160, 1,180 na 1,200, vitie majini, ving'arishe, tazama. Dawa ya kufichua sura: kloridi ya shaba gramu 5, asidi ya hidrokloriki mililita 100, ethanoli mililita 100, chini ya kabati la kuvuta hewa. Tafuta joto ambapo gamma-praimu kubwa imepungua lakini mipaka ya chembe haijaanza kuyeyuka. Kuyeyuka kwa mwanzo huonekana kama vidimbwi vidogo vya mviringo, hasa palipo na boroni na zirkoni. Ukiviona, hakuna joto la baadaye litakaloviponya. Punguza nyuzi 20 na uanze na kipande kipya.

Jaribio la chumvi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Kata vipande vya milimita 10 kwa 10 kwa 2. Eneo lote la kimoja ni sentimita za mraba 2.8. Kwangua kwa msasa namba 600 pande zote, lainisha kona ziwe za mviringo kidogo, kwani kona kali hulika mapema na kukudanganya. Osha kwa asetoni kisha ethanoli, na tangu hapo usiguse kwa vidole. Jasho lina chumvi yake.

Chumvi ya jaribio: salfeti ya sodiamu sehemu 75 na kloridi ya sodiamu sehemu 25 kwa uzito, zote za maabara. Weka gramu 75 na gramu 25 kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima hayafai: miamba ya matumbawe huyapa kalisiamu nyingi, na karibu na pwani yana chumvi yake pia. Pasha vipande hadi nyuzi 150 juu ya bamba la moto, puliza ukungu mwembamba, acha vikauke, puliza tena. Lengo ni miligramu 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, yaani miligramu 7 kwa kipande. Ukipuliza kwa pupa matone huungana na kuacha visiwa vya chumvi na sehemu tupu.

Sasa tatizo la kwetu. Kloridi ya sodiamu huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita takriban asilimia 75, na hapa hewa hupita hapo siku nyingi. Kipande chenye chumvi kikikaa mezani kwa muda tu, mizani itakusomea maji ukidhani ni chumvi. Hifadhi kwenye chombo kilichofungwa chenye jeli ya silika, toa kimoja kimoja, pima, rudisha. Kipande kikionekana king'avu kana kwamba kimepakwa mafuta, kimeshalowana: kirudishe kwenye bamba la moto.

Tanuri liwe nyuzi 900, hewa ikiingia polepole. Kila kipande kikae kwenye kidau chake cha alumina. Kipimajoto kiwe cha aina ya S (cha nyaya za platini) ndani ya mrija wa alumina, ncha yake isizidi sentimita moja kutoka kwenye vipande. Vya aina ya K hupotoka vikipata salfa na chumvi. Baada ya saa 20 toa, poza, pima, paka chumvi upya, rudisha. Mara tano zinafanya saa 100. Tanuri hilo lisitumiwe tena kwa jaribio la hewa safi, kwa sababu matofali yake yameshanyonya chumvi na yataitoa kwa miezi.

Kila raundi iwe na vipande vitatu vya kila aloi, pamoja na mashahidi watatu: IN-738LC iliyonunuliwa kwa cheti, IN-713C ambayo kwa kromi yake ya asilimia 12.5 na alumini ya asilimia 6 hutarajiwa kuliwa mapema, na kipande cha aloi yako kisicho na chumvi. IN-713C ikitoka salama, usifurahie matokeo ya aloi yako. Jaribio ndilo limekufa: ama joto halikufika, ama chumvi ilipeperuka, ama ulipaka kidogo.

Umeme ukikatika katikati, andika saa na joto lilikoshuka, na hesabu tu saa zilizokuwa juu ya nyuzi 880. Kukatika kumoja si msiba, lakini kila kupoa ni mzunguko, na utando hubanduka wakati wa kupoa. Raundi yenye kukatika kanne usiilinganishe na isiyo na hata kimoja. Kwa jaribio la saa 100 jenereta ni sehemu ya vifaa kama ilivyo mizani.

Uzito peke yake ni shahidi mwongo. Oksidi inaongeza uzito, magamba yanayoanguka yanapunguza, na kipande kilicholiwa vibaya kinaweza kusoma sifuri. Baada ya saa 100 kata kipande katikati, kifunge kwenye resini, na ukisugue kwa mafuta, si kwa maji. Maji huyeyusha chumvi na mabaki ya salfeti, na ushahidi wote unaondoka bombani. Pima unene wa metali nzima iliyobaki katika sehemu 24 kuzunguka mkato, ukihesabu hadi mwisho wa salfidi za ndani, na toa kutoka unene wa mwanzo. Andika wastani na pia kina kirefu kuliko vyote. Panga hutobokea kwenye shimo refu, wala halingoji wastani.

Jaribio la nyuzi 700 linataka gesi ya dioksidi ya salfa ndani ya hewa, sehemu mia chache kwa milioni. Gesi hiyo ni sumu ya mapafu. Kama huna kabati linalovuta, king'ora cha gesi na njia ya kuiosha hewa inayotoka, lipeleke jaribio hilo kwa wenye navyo.

Ukimaliza, rudia raundi moja kwa chumvi ya bahari yetu. Usichukue ya mashamba ya chumvi: huko kloridi ya sodiamu huganda kabla ya chumvi za magnesi na maji machungu yenye magnesi humwagwa, kwa hiyo ile ni chumvi ya mezani zaidi kuliko ya bahari. Chota lita moja mbali na ufukwe, ichuje, ivukize mpaka ikauke kabisa, tumia yote. Magnesi na kalisiamu hubadili tabia ya majimaji yanayotua juu ya metali, na mpangilio wa aloi zako, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, unaweza kugeuka.

Kripu, na hesabu ya kufupisha muda

Hakuna anayeweza kusubiri saa 10,000. Kipimo cha Larson na Miller huunganisha joto na muda: ongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi, zidisha kwa jumla ya 20 na logi ya saa (ya msingi wa 10). Kipande kilichokatika baada ya saa 100 kwa nyuzi 982 kina 1,255 mara 22, yaani 27,610. Kwa mkazo uleule, nyuzi 950 zingekipa karibu saa 376, na nyuzi 900 karibu saa 3,450. Kwa upande wa pili, ongezeko la nyuzi 17 tu juu ya 982 lingekata maisha nusu. Ndiyo sababu tanuri la kripu linalopotoka nyuzi 10 halina faida kwa kazi hii.

Hesabu hii ina mwisho wake. Haioni visahani vya sigma vinavyoota polepole baada ya mamia ya saa, wala haioni chumvi. Kwa hiyo weka vipande viwili vya kila aloi kwenye tanuri la nyuzi 850 kwa saa 1,000 bila mkazo wowote, kisha uvikate. Ukiona sindano nyembamba zimepangana kwa pembe zilezile, punguza kromi au molibdeni, hata kama namba za kripu zilikuwa zinapendeza.

Mipako

Panga zuri bado hupakwa. Mpako wa aluminidi, wa mikroni 50 hadi 75, unasaidia joto la juu. Ukiongezewa platini hudumu zaidi. Kwa shingo ya panga, kwenye ulikaji wa nyuzi 700, mpako wenye kromi nyingi unafaa kuliko wa alumini. Kosa la kawaida ni kuupima mpako juu ya aloi moja na kuutumia juu ya nyingine: kwa joto la kazi alumini huhamia ndani na wolframi huja juu, na kila aloi ina mwendo wake. Kipande chenye mpako kipigwe mkwaruzo mmoja hadi kwenye metali kabla ya kupakwa chumvi. Mchanga na vijiwe hufanya hivyo kwenye injini bure, na unachotaka kujua ni kama aloi iliyo chini itasimama pale mpako unapofunguka.

Aloi itakayovuka yote haya bado haiendi kwenye ndege. Sehemu ya injini ya ndege inahitaji idhini ya mtengenezaji na ya mamlaka ya usafiri wa anga, na mafungu mengi ya metali yenye matokeo yanayolingana. Mahali pake pa kwanza ni gurudumu la tabochaji kwenye meza ya majaribio, ambako likivunjika linavunjika ndani ya ngao ya chuma. Kwa kila fungu weka kipande kimoja ambacho hakijaguswa, kimeandikwa namba na tarehe, ndani ya mfuko uliofungwa wenye jeli ya silika.